Kanga mpya ya bibi maskini

Kijana anayeniwekea movi kwenye flashi ananiita Mama Mishono. Kibanda chake hakifiki hatua 30 kutoka barazani kwangu hapa Ngamiani, Tanga, na kila Jumamosi jioni nampelekea flashi yangu nyekundu. Zamani nilikuwa namwambia tu, "Mwanangu, niwekee nzuri," naye ananijazia za watu wanaoruka kutoka kwenye helikopta. Siku hizi naagiza. Mwezi uliopita nilipokea kazi ya sare 14 za kicheni pati, satini ya kijani inayoteleza kama kambale, nikajua hapa nitakesha. Nikamwambia, "Nitafutie movi ya fundi cherehani." Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mama, nani atengeneze movi ya fundi cherehani?"

Kesho yake akaja mwenyewe, flashi mkononi. "Ipo. Ila haijatafsiriwa, na hakuna anayepigwa."

Kwa asiyejua lugha yetu ya vibandani, movi iliyotafsiriwa siyo ile yenye maandishi chini. Ina mtu. Mtu mmoja anaongea juu ya picha kwa Kiswahili, anakuwa mwanamke, anakuwa mtoto, anakuwa jambazi, na akiona mahali pamepoa anaongeza ya kwake. Mimi nimekulia kwenye sauti ya Lufufu, mmoja wa hao watafsiri. Jina lake nililijua kabla sijajua la mwigizaji yeyote wa Hollywood, na kwa miaka mingi niliamini makomando wa Marekani huwa wanatajiana mitaa ya Dar es Salaam wakiwa vitani. Kwa hiyo movi kavu, isiyo na mtu wa kukushika mkono, huwa naiogopa kidogo. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, tena kidato cha nne cha miaka ile. Lakini kushona kunajulikana kwa macho.

Yenyewe inaitwa Phantom Thread, ya mwaka 2017, kazi ya Paul Thomas Anderson. Ni London ya miaka ya 1950. Daniel Day-Lewis ni Reynolds Woodcock, fundi wa mabibi wakubwa na mabinti wa wafalme, bwana mwenye mvi zilizochanwa vizuri na tabia ya mtoto aliyekatizwa usingizi. Nyumba yake ni ya ghorofa. Asubuhi mafundi wake, wanawake watu wazima, wanapanda ngazi, wanavaa makoti meupe, wanakaa, wanaanza kazi bila maneno. Hapo tu nilisimamisha cherehani. Watu wa kazi yangu nilikuwa nimezoea kuwaona kwenye movi wakiwa kichekesho: fundi mbea, fundi mwongo, fundi aliyeiba kitambaa cha mteja. (Tupo, sikatai.) Sijapata kuona wakipigwa picha kwa heshima ile, kama watu wanaoingia kuswali.

Nikaanza kuwachunguza mikono, maana uso wa mwigizaji unaweza kudanganya ila mkono hauwezi. Mtu asiyeshona akishika sindano anaivuta kama anavuta ndoano yenye samaki. Wale akina mama wa kwenye movi wanavuta uzi mfupi, kiwiko kimetulia, macho yako mbele ya sindano na siyo juu yake. Nikamwambia mwanafunzi wangu, "Yule bibi si mwigizaji, nakuapia." Baadaye nikasoma, na kweli. Wawili kati yao, Sue Clark na Joan Brown, ni mafundi hasa, waliokuwa wakijitolea kwenye jumba la makumbusho la Victoria and Albert kule London. Na Day-Lewis mwenyewe alikwenda kujifunza kushona kwa Marc Happel, mkuu wa mavazi wa kundi la dansi la New York City Ballet, mpaka akaweza kushona upya gauni moja la mbunifu Balenciaga, mke wake akiwa ndiye kipimo. Mwigizaji anayekaa kwenye ufundi hivyo ili aje ashike mkasi vizuri, huyo mimi namwamkia.

Sasa hadithi. Kama hujaitazama na unataka kuitazama, ruka aya nne.

Woodcock ana siri: huficha vitu ndani ya nguo. Karatasi yenye maneno, jina, chochote, anakishonea ndani ya pindo mahali ambapo mwenye nguo hatakijua maisha yake yote. Nywele za marehemu mama yake amezishonea ndani ya koti lake mwenyewe. Anakutana na Alma, mhudumu wa hoteli, anampeleka nyumbani, siku ya kwanza badala ya kumtongoza anampima, huku dada yake Cyril ameketi anaandika vipimo. Nilicheka sana. Nimewapima wanawake kwa miaka 19 na najua hakuna dakika mtu anakuwa uchi kama ile, hata akiwa na nguo zote. Anavuta tumbo ndani. Anasema, "Fundi, hapo usiandike."

Kisha Alma anahamia, na matatizo yanaanzia mezani. Anapaka siagi mkate wake kwa kelele, kisu kinakwaruza, chai inamwagwa kutoka juu, na bwana hawezi kuchora. Nilimwangalia mwanafunzi wangu, alikuwa anatafuna karanga. Akaacha. Halafu, jamani, Alma anamlisha uyoga wenye sumu. Siyo kumuua, ni kumlaza tu, awe mnyonge, amhitaji. Limbwata! Nilipiga kelele mpaka jirani akauliza kuna nini. Sisi huku watu wanaulizana kwa minong'ono nani kamlisha nani nini, kumbe London nayo wanakaanga uyoga kwa siagi. Na kilichonimaliza ni kwamba mara ya pili bwana anajua, anamtazama machoni, anatafuna, anameza. Hiyo kwetu sijaisikia. Limbwata la hiari.

Lakini mahali ninaporudia kila mara siyo hapo. Ni pale Woodcock, ameshalishwa ule uyoga, anaanguka juu ya gauni la harusi la binti wa mfalme, na gauni linaharibika, na asubuhi linatakiwa lisafirishwe Ubelgiji. Cyril anawaita wale akina mama. Hawapigi kelele, hawalaumu. Wanalifumua, wanakaa kulizunguka kama watu wanaokesha matangani, mpaka kunakucha. Nilikuwa na sare ya tisa mkononi, saa nane ya usiku, na satini ile ilikuwa imenitafuna uzi mara tatu. Sikuwa mpweke usiku ule.

Na pia lile tukio la mama tajiri anayelewa akiwa amevaa kazi ya Woodcock, akalala nayo hovyo, na Woodcock na Alma wanakwenda chumbani kwake wanamvua. Wanaondoka na gauni. Mimi nilishawahi kulikuta gauni la lesi, nililolikalia siku nne, mwenyewe amelivaa anafulia nepi. Nilimsalimu nikapita. Ningekuwa na Alma siku ile, sijui.

Ubaya wake? Inawapenda sana wenye nyumba. Wale mafundi wakishamaliza kuliokoa gauni, movi inarudi kwenye ugomvi wa Reynolds na Alma kama vile hakuna kilichotokea, na wao hatuambiwi hata walikunywa chai. Tena saa mbili na dakika kumi nzima, hakuna mteja hata mmoja aliyeomba apunguziwe. Hapo ndipo nilipojua ni hadithi ya kubuni. Mark Bridges, aliyesanifu mavazi, alipata Oscar mwaka 2018, na kwa kuwa hotuba yake ndiyo iliyokuwa fupi kuliko zote usiku ule, akazawadiwa na pikipiki ya majini. Fundi haongei sana.

Baada ya hiyo nikawa na hamu. Kijana akanipa nyingine, "Ya Kichina, Mama, lakini hakuna ngumi." In the Mood for Love, ya Wong Kar-wai, mwaka 2000. Mwanafunzi wangu alilala dakika ya 20. Mimi niliitazama mara mbili, ya pili bila sauti.

Ni Hong Kong, 1962, watu wamebanana kwenye vyumba vya kupanga kama nyumba zetu za hapa: ukumbi mmoja, jiko la pamoja, mwenye nyumba anajua nani kaingia saa ngapi. Bi Chan, ambaye ni Maggie Cheung, na Bwana Chow, ambaye ni Tony Leung, wamehamia siku moja, chumba kwa chumba. Mume wa huyu anasafiri sana. Mke wa yule anachelewa kurudi. Wanagunduaje kwamba mume wa huyu anatembea na mke wa yule? Mkoba na tai! Bi Chan ana mkoba ambao mke wa Chow anao kama huohuo. Chow ana tai ambayo mume wa Bi Chan anayo kama hiyohiyo. Wanakaa hotelini wanaulizana kwa adabu mkoba ulinunuliwa wapi, tai imetoka wapi, na kila mmoja anajua mwenzake anajua. Hakuna meseji iliyosomwa kwenye simu, hakuna aliyefumaniwa. Wale wenye kuchepuka nyuso zao hatuonyeshwi kabisa, migongo na sauti tu. Nilikaa nikajiuliza ni ndoa ngapi za mtaa huu ningeweza kuzivunja kwa vitambaa tu, maana mwanamume akileta kitenge kishonwe gauni la saizi ambayo si ya mkewe, mimi ndiye mtu wa kwanza kujua. Sisemi. Napima, nakata.

Halafu zile nguo zake. Zinaitwa cheongsam: kola ndefu imesimama mpaka chini ya kidevu, imekaza mwili wote, mpasuo mdogo pembeni. Nilianza kuhesabu, nikafika 19, nikapotea. Maua, mistari, madoa, kijani, nyekundu. Siku zinapita kwenye ile movi bila mtu kukuambia, ila gauni limebadilika, basi ujue ni siku nyingine. Na anakwenda kununua tambi nazo, na chombo chake mkononi, ngazi zimelowa, mpaka majirani wanashangaa mtu anavaa vile kwenda kununua tambi. Mimi nilimwelewa. Kola ile ina gamu ngumu ndani, huwezi kuinama. Kiuno kile hakikuachii uvute pumzi ndefu. Nguo ndiyo inayomfanya atembee polepole, ndiyo inayomzuia asilie mbele za watu. Angekuwa amevaa dera asingemaliza wiki, angeshamwambia Chow kila kitu.

Nilikwenda kwenye daftari langu nikajaribu kuchora ile kola. Nimeikosa mara mbili kwa kitambaa cha majaribio, inafanya mikunjo nyuma ya shingo.

Black Panther nimeirudia wakati wa Idi na watoto wa dada yangu. Nitasema kidogo tu kwa sababu imesemwa sana. Mwaka ule wa 2018 wateja waliniletea picha zake kwenye simu, wanataka sendofu ya Wakanda, ile nchi ya kubuni ya kwenye movi, na mabega yale hayashoneki kwa kitenge cha elfu kumi na tano. Ruth E. Carter alipata Oscar ya mavazi mwaka 2019, mtu mweusi wa kwanza kuipata hiyo, na alistahili. Zile blanketi za Basotho, watu wa Lesotho, walizojitanda walinzi wa mpakani ndizo nilizozipenda kuliko dhahabu zote za ikulu, kwa sababu blanketi linajulikana lilivyo, lina uzito, mtu akigeuka na lenyewe linachelewa kugeuka. Mengine yote yalikuwa safi mno kwa macho yangu. Watu wanapigana kutwa nzima na hakuna kwapa lililolowa.

Nikaitazama na Supa Modo, ya Kenya, 2018, ya Likarion Wainaina, na hii nilikosea kuitazama na binti yangu wa miaka 10. Inamhusu mtoto aitwaye Jo, wa miaka 9, mgonjwa, ambaye mama yake amemtoa hospitali aje amalizie siku zake nyumbani. Anapenda movi za mashujaa. Dada yake, Mwix, anawashawishi watu wa kijiji wote wajifanye Jo ana nguvu za ajabu, na mwisho wanaamua kumtengenezea movi yake, steringi akiwa yeye. Nguo yake ya shujaa inaonekana imeshonwa na mtu wa palepale kijijini, na nilimshukuru Mungu hawakwenda kuagiza. Hiyo ndiyo nguo ambayo ningeshona mimi, mteja akija saa kumi na moja jioni na kusema inahitajika kesho.

Mimi binti yangu nimemfundisha tangu mdogo ile kanuni yetu ya vibandani, kwamba steringi hafi. Akiogopa, namwambia hivyo, anatulia. Movi ilipoisha aliniangalia kwa hasira ambayo sijawahi kuiona usoni kwake. "Mama, si ulisema?" Nilimwambia akaoge.

Haya, nimefika kwenye linaloniuma, na naomba nisieleweke vibaya, kwa sababu movi zetu nazipenda na ninazinunua.

Kuna bibi kwenye movi zetu. Unamjua. Anakaa kijijini kwenye nyumba ya udongo, mwanawe kamtelekeza mjini, hajala tangu jana, anaumwa kifua. Na amevaa kanga mpya. Mpya kabisa! Imekakamaa kwa wanga wa kiwandani, mistari ya mkunjo wa dukani inaonekana katikati ya mgongo kama ramani. Wakati mwingine hata haijapindwa. Kanga huuzwa doti, vipande viwili vimeshikana, unakata, unaleta kwa fundi apinde, na bibi wetu nyuzi zinaning'inia pale ilipokatwa. Kupinda kanga ndiyo kazi ya kwanza niliyopewa nilipoanza ufundi, najua kanga isiyopindwa hata ikiwa upande wa pili wa barabara. Bibi analia, watazamaji wanalia, mimi nasema moyoni, bibi, uza hiyo doti ule.

Miaka kadhaa iliyopita walikuja watu kutoka Dar, wanapiga movi yao huku kwetu. Sitawataja. Walihitaji fundi wa siku tano, mtu akawaelekeza kwangu. Nilifurahi kama mtoto. Nikaulizwa, "Unaweza kutupatia nguo za bibi maskini?" Nikasema naweza, ila nipeni siku kumi kabla. Nikanunua doti mpya, iliyoandikwa Hasidi hana sababu, nikaanza kazi ya kuizeesha.

Wacha niwaeleze, maana sijawahi kumweleza mtu. Kwanza niliipinda kwa mkono, siyo kwa cherehani, hatua zisizolingana, kwa sababu bibi huyu alipinda mwenyewe gizani. Nikailoweka usiku mzima ili wanga utoke, nikaifua kwa sabuni ya mche, nikaianika juu ya bati saa sita ya mchana. Hivyo hivyo siku sita. Rangi nyekundu ya pindo ikaanza kulainika, lakini ililainika yote sawasawa, na hiyo si kweli. Kanga haichakai sawasawa. Inachakaa pale inapofungwa kifuani, pale inapokaliwa, na kwenye kona ambayo mwenyewe hufutia mikono na machozi na pua za wajukuu. Basi nikajifunga mimi mwenyewe. Nikapikia nayo, nikakaangia samaki, nikapuliza moto. Kona moja nikaifunga fundo la hela kila siku, maana bibi huweka hela kwenye pindo la kanga, na ukifungua fundo la miaka linabaki limejikunja kama sikio. Binzari ikadondoka kwenye mji wa kanga, sikuitoa. Mahali pa goti nikapasugua kwa jiwe, nikapachana kidogo, nikatia kiraka cha kanga nyingine kutoka upande wa ndani. Siku ya tisa niliitundika mlangoni, nikaingia ndani, nikatoka, nikashtuka kama nimeona mtu.

Mwongozaji aliishika kwa vidole viwili. Akasema haitatoka vizuri kwenye kamera, inaonekana chafu. Akamtuma kijana dukani na elfu 12. Nililipwa nusu, nikaambiwa nyingine itatumwa kwa simu, na bado ninaisubiri. Movi ilipotoka nilimwomba kijana wa kibandani aniwekee, nikaiona ile kanga ya dukani, na mistari yake mgongoni, na bibi analia.

Kwa hiyo nilipoletewa Vuta N'Kuvute nilikaa mbele ya tivii kama mkaguzi. Ni ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, kutoka kwenye riwaya ya Adam Shafi ambayo dada yangu alikuwa akiisoma sekondari na mimi nikimwibia usiku. Ilikwenda tamasha la Toronto mwaka uleule. Zanzibar ya miaka ya 1950, Mwingereza bado yupo. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mzee, anamkimbia mumewe, anapokelewa na Mwajuma, anampenda Denge, kijana wa siasa anayetafutwa na serikali. Mwajuma ni Siti Amina, ambaye ni mwanamuziki hasa, na ndiye aliyenishika. Kila akiingia kwenye picha joto linapanda.

Nilitafuta kosa. Nilikuwa na kalamu na karatasi, nawaambieni ukweli. Miaka ile kiwanda cha Urafiki hakikuwepo, kilikuja 1968, kwa hiyo kanga za wakati huo zilitoka ng'ambo, na maua yake hayakuwa haya yetu. Nikasimamisha picha, nikasogeza, nikasimamisha. Nililoliona ni kwamba kuna mtu kwenye ile kazi aliyefikiri juu ya kitambaa kabla ya kumvisha mtu. Nguo zinakaa kwenye miili kama zimelala nayo. Wanawake wanajitanda wakiwa wanaongea jambo jingine, mkono unajua wenyewe. Niliiweka kalamu chini.

Siyo kwamba sina la kusema. Ni nzuri mno kwa macho. Kila ukuta uliobanduka chokaa umebanduka kwa mpangilio, mwanga unaingia dirishani kama umeitwa, na kuna wakati nilitamani mtu apite na ndoo ya maji machafu avuruge. Na kitabu ni kinene, kina watu wengi na kukimbizana kwingi. Denge wa kwenye karatasi alikuwa mcheshi zaidi, huyu wa kwenye picha amebeba dunia begani muda wote. Mwanafunzi wangu, ambaye hajasoma kitabu, aliniambia hakumwelewa Denge anataka nini hasa. Nikamwambia anataka uhuru. Akasema, "Sawa, lakini na Yasmin je?" Swali zuri, sikumjibu, nilikuwa namalizia vifungo. Ila sikulala. Nilimaliza sare zote 14, nikazikunja, nikairudisha nyuma mpaka pale Mwajuma anapoingia, nikaitazama tena nikiwa nimekaa mikono mitupu, kitu ambacho huwa sifanyi.

Ile kanga ya Hasidi hana sababu ninayo bado. Iko juu ya msumari nyuma ya mlango wa kibanda, najifunga nikienda kupuliza pasi ya mkaa umeme ukikatika. Juzi alikuja mama mmoja mtu mzima kupunguza baibui, mgeni hapa mtaani. Akawa anaiangalia wakati nampima. Akanyoosha mkono akaishika ile kona iliyojikunja, akaipapasa kwa kidole gumba.

"Ya marehemu mama yako?" akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo, ageuke nimpime mgongo.